Kwa Madamu Tope, Ambaye Mawe Yake Yamepakwa Rangi

Mwaka umetimia leo tangu ututoke, wifi, na mimi nina hasira. Si zile hasira za mwaka jana. Zile nilizimaliza kwa kulia. Hizi ni mpya, zimeanza mwezi huu, na nitakueleza zimetoka wapi, maana nyumbani kwenu sasa hakuna wa kumweleza. Mumeo amekuwa bubu, na mimi, kama ulivyonijua, sikuumbiwa kunyamaza.

Karani wa gazeti anayepokea matangazo haya ya kumbukumbu alinisihi nipunguze makali. "Mama, watu hapa huandika kwa upole," aliniambia. "Marehemu anasifiwa, ndugu wanatajwa, basi." Nikamjibu kwamba marehemu huyu atasifiwa na ndugu watatajwa, ila hapo katikati pana maneno yangu, na yeye kazi yake ni kuyachapa. Ameyachapa, Mungu ambariki.

Haya, sifa zako kwanza, wasije wakasema wifi kaja kugomba tu.

Ulikuwa mwalimu wa sayansi wa darasa la sita, shule hiyo hiyo moja, tangu ulipotoka chuoni mpaka siku ulipoanguka. Kwa wasiokujua: nyuma ya shule, chini ya ukuta wa vyoo, kinapita kijito. Kabla yako kilikuwa jalala. Mifuko ya plastiki, soli za viatu, godoro zima, na kiti kilichobaki mguu mmoja. Walimu wenzako walipita upande ule wameziba pua. Wewe ukavaa viatu vya mpira ukashuka, ukarudi ofisini kwao unanuka, tope mpaka magotini, ukatangaza kwa furaha kwamba kule chini umekuta wadudu wasioweza kuishi kwenye maji mabovu. Kama wapo, ulisema, kijito hakijafa. Mwalimu wa hesabu akakuomba usimame mbali na chai yake.

Watoto walikuita Madamu Tope siku hiyo hiyo. Ulilipenda jina hilo kuliko lile alilokupa mama yako, na mama yako alikununia kidogo, ila yakaisha.

Mlizoa taka muhula mzima. Kisha mkaanza kujifunza. Nyavu za kuvulia wadudu nilizishona mimi, kwa cherehani yangu, kutokana na pazia la sebuleni kwangu ulilolitungua bila kuniuliza ukadai lilikuwa limechoka. Halikuwa limechoka. Chujio la chai la jikoni kwenu nalo likaishia huko huko, mdogo wangu, yaani mumeo, akawa anakunywa chai na majani yake, ukanunua jingine, nalo likafuata la kwanza. Yeye hakulalamika. Alikuwa akirudi kazini na rangi kwenye kucha, wewe unarudi na tope kwenye nywele, mnakaa mezani mnachekeana, nami nikawa nawaambia kwamba nyie wawili mkichanganywa mnatosha kumalizia nyumba.

Kitu ulichokibuni wewe, na ambacho sijakisikia shule nyingine, ni mawe ya kulea. Kila mtoto wa darasa la sita ulimpa jiwe moja alilee mwaka mzima. Si jiwe la kwenda nalo nyumbani. Ni jiwe ulilolipanga wewe pale pale majini, naye anajua mahali pake kama anavyojua kitanda chake: mmoja lake liko chini ya mzizi mkubwa, mwingine penye povu, mwingine mkabala na bomba. Kila Alhamisi analitembelea. Analipindua taratibu, anatazama nani anaishi chini yake, konokono au kaa mdogo au watoto wa kereng'ende, wale wanaokaa majini kabla ya kuota mabawa, kisha analirudisha, upande ule ule wa chini. Mlishuka bondeni mkiimba: pindua, tazama, rudisha.

Ole wake aliyelirudisha kichwa chini. Siku moja nilileta nyavu mpya nikakukuta unamfokea mtoto hadi nikaona haya kwa niaba yako. "Wewe ukirudi nyumbani ukute paa liko chini na kitanda kiko juu, utalala wapi?" Mtoto akafikiri, akasema atalala kwa bibi yake. Ukacheka mpaka ukakaa kwenye maji.

Na fundi gereji, unamkumbuka? Gereji yake iko juu ya shule, na oili chafu alikuwa akiimwaga tu mtaroni, ikateremka kwenu. Mtu mwingine angeenda kushtaki. Wewe uliliongoza darasa zima mpaka gerejini, mna chupa mbili za maji.

"Fundi, hii tumeichota juu ya gereji yako, na hii chini yake. Ungekunywa ipi?"

"Madamu, mimi sinywi maji ya kijito."

"Wenzako wanakunywa."

"Wenzangu gani?"

Ukamsukuma mbele binti mmoja mwenye sahani. Juu ya sahani alikuwepo kaa, mdogo kama kifungo cha shati, amenyanyua makucha anataka ugomvi.

"Huyu," binti akasema.

Fundi alicheka mpaka akakalia tairi. Lakini alichimba shimo la kukusanyia oili, na hajamwaga mtaroni tena. Aliniambia mwenyewe kwamba hakulichimba kwa huruma ya kaa. Alikuangalia usoni akaona kwamba asipochimba utarudi kila wiki.

Sasa nikugombeze na wewe, maana hukuwa malaika, na kufa hakujakusafisha.

Ulikuwa na presha. Daktari alikupangia kliniki siku ya Alhamisi. Nilikwambia uombe ubadilishiwe siku. "Nitaomba, wifi." Hukuomba. Nikakukumbusha tena, na tena, na jibu lako lilikuwa kwamba watoto wakikosa wiki moja wanapoteza mfululizo. Mfululizo! Vidonge ulimeza ulipokumbuka, na vingine tulivikuta mfukoni mwa koti lako la mvua, vimelowa vimekuwa uji. Nilivishika mkononi siku ile nikatamani ufufuke dakika moja tu nikupige.

Ulianguka ofisini kwa walimu, kalamu mkononi, na hukuamka tena. Je, nimekusamehe? Siku nyingine nakaa kwenye cherehani naona nimekusamehe. Siku nyingine nasukuma kitambaa kwa nguvu mpaka sindano inakatika. Kilichonituliza mwaka huu wote ni jambo moja: kile ulichotuacha kwa ajili yake bado kilikuwepo. Nilikuwa nashuka mara moja moja kukitazama. Maji yalipita juu ya mawe, watoto wa darasa lililofuata, waliorithishwa mawe na wenzao, walipindua wakarudisha, na mimi nikasema sawa, angalau hakwenda bure.

Sasa sikia walichofanya.

Mwalimu Mkuu wako alimwita mumeo. Simnyimi haki yake: kwenye mazishi alilia, na yalikuwa machozi ya kweli. Alimwambia kwamba shule imeamua kukuenzi siku utakapotimiza mwaka. Kutakuwa na kibao chenye jina lako pale kwenye mlingoti wa bendera, kutakuwa na mgeni rasmi, na njia ya kutoka langoni hadi kwenye kibao itapangwa mawe meupe pande zote mbili. Mawe yameshapatikana. Na kwa kuwa mume wa marehemu ni fundi rangi, nani mwingine ayapake?

Wifi, ungemwona. Tangu uondoke alikuwa anakwenda kazini kama mtu anayesukumwa. Siku hiyo alikuja kwangu na ovaroli yake ishonwe goti, eti hawezi kuifanya kazi ya mke wake na goti liko wazi. Alichagua rangi ya mafuta, ile anayowawekea wateja wakorofi, kwa sababu chokaa huoshwa na mvua na yeye alitaka idumu. Alikuwa anapiga mluzi. Niliposikia ule mluzi niliacha kushona nikasikiliza mpaka alipokata kona.

Akapaka siku ya kwanza, juu tu, jiwe moja baada ya jingine, kama walivyokuwa wameyapanga. Siku ya pili yalikuwa yamekauka, akaanza kuyageuza ili amalizie kingo. Akageuza la kwanza.

Chini yake walikuwepo konokono wamekauka wameling'ang'ania jiwe. Palikuwa na mayai yameganda kama ukoko wa uji. Palikuwa na mtoto wa kereng'ende, amekunja miguu. Akageuza la pili, akageuza la tatu. Yote yalikuwa hivyo, na yote yalikuwa yamelazwa kwa uangalifu, upande wa chini chini, upande wa juu juu, hakuna hata moja lililotupwa ovyo. Hapo ndipo alipojua ni akina nani walioyabeba.

Darasa la sita walikuwa wanatoka mapumziko. Akamwita binti aliyekuwa karibu.

"Haya mawe mmeyatoa wapi?"

"Kijitoni, baba. Tuliambiwa kila mtu alete jiwe lake."

"Na hamkusema kitu?"

"Tulisema. Tukaambiwa ni ya Madamu, Madamu mwenyewe ndiye anayefanyiwa."

"Na kuyalaza hivi, mliambiwa na nani?"

Binti alimshangaa. "Sasa tungeyalazaje?"

Mdogo wangu alikuja kwangu na ovaroli yake na jiwe moja amelipakata. Hakukaa. Alilipindua juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akasimama tu. Nilitazama chini ya jiwe, nikamtazama yeye. "Dada," akasema, "nimeyapaka mwenyewe. Nilikuwa napiga mluzi."

Nilimkasirikia, nakiri. Nilimwambia: umelala na yule mwanamke miaka yote hiyo, umekunywa chai yenye majani, na jiwe lililotoka majini hulitambui? Likiwa limekauka na kuoshwa juu, jiwe ni jiwe, najua. Lakini nilikuwa natafuta wa kumrarua, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Kisha nikavua tepu shingoni nikaenda kwa mwenyewe.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu unaijua: kabati la vikombe vya michezo, maua ya plastiki, na dirisha linalotazama lango. Kijito hakionekani kutoka pale. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata ungejipaka poda kwa kujitazama humo. Mumeo alinifuata nyuma akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, karibu kiti."

"Sikai. Nani kakwambia utoe mawe majini?"

"Aa, yale." Akatabasamu. "Mama, yale mawe yalikuwa yamekaa tu kule chini. Hayaonekani na mtu. Sasa kila mgeni atayaona."

"Yamekaa tu?"

"Tumefanya kwa nia njema kabisa. Marehemu alipenda mazingira, na sisi tumeyapendezesha mazingira."

Wifi, damu ilinipanda. Nilimwekea jiwe mezani, juu ya kadi zake za mwaliko, upande wa chini ukiwa juu. Alirudisha kiti nyuma. Aliuliza kwa nini linanuka.

"Linanuka kwa sababu wamekufa," nikamwambia. "Mwalimu, wewe umewahi kushuka kule chini?"

Akatazama viatu vyake. "Majukumu ni mengi, mama."

"Amefundisha hapa umri wake wote. Kila Alhamisi watoto wanapita chini ya dirisha lako wanaimba. Hata mara moja hukutaka kujua wanakwenda wapi?"

"Nilikuwa nasoma ripoti zake. Zilikuwa nzuri sana."

Nikamweleza, taratibu, kama ulivyotueleza sisi. Mawe yale ndiyo yanayoyapunguzia maji mbio. Mvua zinakaribia, na mvua ya kwanza ikikuta kijito kiko uchi italamba ukingo mpaka kwenye ukuta wa vyoo, kama ilivyofanya zamani kabla hujayapanga. Nikamweleza na jambo la pili, ambalo ndilo baya zaidi: mahali pa kila jiwe panajulikana na mtoto aliyelilea, na darasa la sita muhula huu ndio wa mwisho kwao, wakifunga wanatawanyika shule mbalimbali. Mawe yasiporudi sasa hayatarudi yalikotoka. Mtayatupa tu majini kama kokoto za ujenzi.

"Mama, nakuelewa," akasema. "Lakini mgeni rasmi ameshathibitisha. Tukiyang'oa sasa, njia itabaki mashimo. Hafla ipite, mtayachukua yote, hata mkitaka na kibao."

Alitania, wifi. Alitania kuhusu kibao chako mbele ya mumeo.

Mdogo wangu hakusema chochote mle ofisini. Nilitoka namsema njia nzima, kwamba ni mpole kupita kiasi, kwamba ningekuwa mwanamume mimi ningepindua meza. Alinisikiliza kama anavyonisikiliza tangu akiwa mtoto.

Asubuhi iliyofuata shule nzima ilikuwa mstarini, bendera inapanda, naye akaingia langoni anasukuma toroli. Gurudumu la toroli lile linapiga kelele hata kiziwi angegeuka. Akaanza na jiwe la kwanza karibu na lango. Akaliinua, akaliweka ndani ya toroli, upande wa chini chini. Akafuata la pili.

"Fundi!" Mwalimu Mkuu aliita kutoka jukwaani. "Fundi, unafanya nini?"

"Kazi yangu ina kasoro, Mwalimu," mumeo akamjibu bila kusimama. "Naenda kuirudia."

Watu wazima pale walimwacha apite, maana fundi anayerudia kazi yake humzuii. Watoto walijua. Binti yule wa mapumziko aliniambia kwamba mstari mzima wa darasa la sita ulikuwa unauma midomo usicheke na usilie. Mumeo akaenda na kurudi, kwenda na kurudi, hata njia yote ikabaki mashimo. Fundi gereji alipomwona anapita mbele ya gereji na mzigo, alimpokea toroli bila kuuliza.

Basi mawe sasa yako uani kwenu, juu ya shuka lako la zamani lenye maua, wifi, usinune. Tatizo ni rangi. Alitaka idumu, na inadumu. Mimi nilimshauri atumie dawa ya kutolea rangi, imwagwe mara moja ing'oke. Akatikisa kichwa: dawa hiyo ikibaki hata kidogo kwenye jiwe, ikaingia majini, itawamaliza na waliobaki. Kwa hiyo anakwangua. Fundi gereji amempa brashi zake za waya, zile za kung'arishia vyuma. Anakwangua kavu, anakung'uta vumbi kwenye shuka, analifunga vumbi pembeni lisipeperuke, anaanza jingine. Vidole vimechubuka. Nilichukua brashi nimsaidie, akaninyang'anya kwa adabu. "Dada, mimi ndiye niliyepaka."

Binti yenu alipiga simu kutoka chuoni. Mwanzoni alinikera. "Shangazi, waache tu wafanye hafla yao, wamemkumbuka mama, si jambo dogo." Nilimtumia picha ya chini ya jiwe. Ndipo akauliza, "Baba anakula?" Nikamwambia anakula nikimsimamia. Anakuja leo kwa basi la kwanza, na amesema anakuja uani, haendi shuleni.

Mama yako naye nilimpelekea habari. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Mtu asiyejua mwanangu alipenda nini, anamkumbuka nani?" Nimelibeba swali hilo siku zote hizi, sijampata wa kunijibu.

Mwalimu Mkuu, najua unalisoma tangazo hili, umezoea kusoma. Wakati huu hafla yako inaendelea. Jina la wifi yangu unalo, kibao unacho, mgeni rasmi unaye, na nimesikia mashimo umeyajaza matofali. Familia haipo hapo, na mgeni akiuliza mwambie ukweli, usimwambie tuna msiba mwingine. Tuko nyumbani kwa mume wa marehemu, yule uliyemheshimu kwa kumpa brashi. Nimesikia pia kwamba umelizuia darasa la sita lisishuke kijitoni mpaka wageni waondoke, sare zisichafuke. Yule unayemwekea kibao alikuwa na tope kwenye nywele. Mawe ya kwanza yako tayari. Watoto wanajua mahali pake. Mawingu nawe unayaona, hata kwa dirisha lako. Wafungulie watoto washuke kesho, Mwalimu, na wewe ushuke nao, uone kile ulichokuwa unakisoma kwenye ripoti tu.

Wifi, nimesema sana na karani ananitazama. Wanaokukumbuka ni mama yako mzazi, ambaye amelisamehe lile jina la Tope na sasa analitumia yeye mwenyewe. Binti yako, aliyeko njiani. Mimi wifi yako, ambaye hajakusamehe vidonge. Fundi gereji, ambaye si ndugu lakini ameomba awemo. Na darasa la sita lote.

Mume hutajwa wa kwanza. Nilipomsomea tangazo hili pale uani aliendelea kukwangua tu, mpaka nilipofika kwenye majina, ndipo akainua mkono.

"Mimi usiniandike, dada."

"Nisikuandike vipi? Wewe ndiye mume."

"Yakirudi majini yote, uniandike. Kabla ya hapo mimi ni fundi rangi tu."

Nilitaka kumgombeza, nikachukua kalamu nikalifuta jina lake. Basi nafasi ya kwanza nimeiacha wazi, wifi, usidhani amekusahau. Mvua ikiyatangulia mawe, itabaki wazi mwaka ujao na mwaka wa baada yake, na waliosababisha wanajijua.

Hatutakusahau. Na hatujapoa.